Linux imehamia diski mpya lakini haiwaki: mwongozo kamili wa kurekebisha mipangilio

Wengi wanaokwama katika kazi hii hukwama mahali pamoja. Mafaili yote yameshahamia diski mpya, `/etc/fstab` (faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mfumo unapowaka) imeshahaririwa, diski ya zamani imechomolewa. Kompyuta ikiwashwa, inaishia kwenye skrini nyeusi yenye `grub>` au `grub rescue>`, au inasubiri dakika moja na nusu kisha inaingia kwenye hali ya dharura. Mtu anarudi kwenye `fstab`, anaikagua mstari kwa mstari, haoni kosa.

Mara nyingi haoni kwa sababu kosa halipo humo. Mfumo huandika utambulisho wa diski yake mahali sita, na `fstab` ni moja tu:

- `/etc/fstab`
- `/etc/crypttab`, kama diski imefungwa kwa LUKS (usimbaji fiche wa diski)
- mpangilio wa `resume` (wa kurudisha kazi baada ya usingizi mzito, yaani hibernate), unaokaa ndani ya initramfs, kifurushi kinachoelezwa kwenye hatua ya 6
- `grub.cfg`, mipangilio ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), iliyo kwenye `/boot`
- `grub.cfg` nyingine ndogo iliyo kwenye sehemu (partition) ya EFI, ambayo ubao mama huisoma wakati wa kuwasha
- orodha ya kuwashia iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama

Amri zilizomo humu ni za Debian, Ubuntu na Linux Mint. Fedora inapotofautiana nimeeleza palepale. Nachukulia kwamba kunakili kumekwisha. Kazi yetu inaanzia hapo.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Flashi yenye Linux inayowaka moja kwa moja bila kusakinishwa. Iwe ya toleo la mfumo wako au linalokaribiana nalo. Sababu utaiona kwenye hatua ya 7.
- Diski mpya, ikiwa imeshafungwa mahali itakapokaa siku zote.
- Diski ya zamani, ikiwa salama na imechomolewa.
- Neno la siri la LUKS, kama unalitumia.
- Kalamu na karatasi, au simu ya kupigia picha skrini.

Nasisitiza kuchomoa diski ya zamani. Ikibaki ndani, mfumo unaweza kuwaka kwa kuazima `/boot` au swap yake (nafasi ya diski inayosaidia RAM), nawe ukaamini umemaliza. Siku utakapoitoa ndipo tatizo litakapojitokeza, na wakati huo hukumbuki tena ulichobadilisha.

## Hatua ya 1: Jua ulinakili kwa njia gani

Kama ulitumia `dd` au Clonezilla kunakili diski nzima, UUID (namba za utambulisho za mifumo ya mafaili) zimehama pamoja na data, kwa hiyo `fstab` yako bado ni sahihi. Kazi yako ni ndogo: hatua ya 2 hadi ya 4, kisha ya 8 hadi ya 10. Kama diski mpya ni kubwa kuliko ya zamani, ongeza amri hii, ambayo inahamishia nakala ya akiba ya jedwali la GPT (orodha ya sehemu za diski) kwenye mwisho halisi wa diski mpya:

```
sudo sgdisk -e /dev/nvme0n1
```

Kwa njia hiyo ya `dd`, usiziweke kamwe diski zote mbili kwenye kompyuta moja zikiwa na UUID zinazofanana. Mfumo utachagua mojawapo, na huwezi kujua mapema ni ipi. Ikibidi ziishi pamoja, badilisha UUID ya ile ya zamani, ukiwa umewasha kwa flashi na diski hiyo ikiwa haijapachikwa. Kwa ext4:

```
sudo e2fsck -f /dev/sda2
sudo tune2fs -U random /dev/sda2
```

Kama uliumba sehemu mpya kwa `mkfs` kisha ukanakili mafaili kwa `rsync` au `cp -a`, UUID zote ni mpya. Fuata hatua zote, kwa mpangilio wake.

## Hatua ya 2: Washa kwa flashi, kwa njia ileile ya mfumo wako

Kompyuta nyingi zinaweza kuiwasha flashi kwa UEFI, njia mpya ya kuwashia, au kwa BIOS ya zamani, na kwenye orodha ya kuwashia flashi moja huonekana mara mbili. Ukichagua vibaya, `grub-install` haitaweza kuandika kwenye kumbukumbu ya ubao mama. Fungua teminali uhakikishe:

```
ls /sys/firmware/efi
```

Umefaulu ukiona: majina ya mafaili na folda, ikiwa mfumo wako ni wa UEFI. Ukiambiwa folda haipo, umewasha kwa BIOS. Kama mfumo wako ni wa UEFI, zima, washa tena, chagua ingizo la flashi lenye neno UEFI.

## Hatua ya 3: Soma vitambulisho vya diski mpya

```
sudo lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID,PARTUUID
```

Kuna safu mbili zinazochanganywa sana. UUID ni ya mfumo wa mafaili na hubadilika kila unapofanya `mkfs` au `mkswap`. PARTUUID ni ya sehemu yenyewe kwenye jedwali la GPT. `fstab` kwa kawaida hutumia UUID, ubao mama hutumia PARTUUID. Ukiibandika moja mahali pa nyingine, hakuna kitakachopatikana.

UUID ya sehemu ya EFI ni fupi, kwa mfano `7C1E-A2B9`, kwa sababu sehemu hiyo ni FAT. Usidhani imekatika.

Tazama pia majina. Ukitoka SATA kwenda NVMe, `/dev/sda2` inakuwa `/dev/nvme0n1p2`. Popote palipoandikwa `/dev/sda` moja kwa moja, hapatafanya kazi tena. Katika mifano inayofuata, `nvme0n1p1` ni sehemu ya EFI, `p2` ni mfumo wenyewe, `p3` ni swap. Weka za kwako.

## Hatua ya 4: Pachika diski mpya na uingie ndani yake

```
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
sudo mkdir -p /mnt/boot/efi
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; sudo mount --make-rslave /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt /bin/bash
```

Kama `/boot` yako ina sehemu yake peke yake, ipachike kabla ya `/boot/efi`. Kwa Btrfs ya Ubuntu au Mint, ongeza `-o subvol=@` kwenye amri ya kwanza, la sivyo utajikuta umepachika mzizi ambao ndani yake hamna `/etc`.

Kwa LUKS, fungua sehemu kwanza, na uipe jina lilelile lililo kwenye safu ya kwanza ya `/etc/crypttab` ya mfumo wako. Kama lile ni `sda3_crypt`, andika hivi hata kama diski sasa ni NVMe:

```
sudo cryptsetup open /dev/nvme0n1p2 sda3_crypt
sudo mount /dev/mapper/sda3_crypt /mnt
```

Ukiipa jina jingine, `update-initramfs` ya hatua ya 6 itakosa kuioanisha na `crypttab`, na kifurushi kitaundwa bila uwezo wa kufungua diski.

Umefaulu ukiona: `cat /etc/hostname` inatoa jina la kompyuta yako, si la flashi. Kuanzia hapa, amri zote zinaendeshwa ukiwa ndani, bila `sudo`.

## Hatua ya 5: Rekebisha fstab na crypttab

Weka nakala kwanza, kisha fungua:

```
cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
nano /etc/fstab
```

Badilisha UUID ya kila mstari unaohusu diski iliyohama. Matokeo yawe na sura hii:

```
UUID=3f6b1c52-8e0d-4a7b-9c11-5d2e7fa0b684  /          ext4  errors=remount-ro  0 1
UUID=7C1E-A2B9                             /boot/efi  vfat  umask=0077         0 1
UUID=b90e4d17-62c3-4f58-a1de-08c75e3392fa  none       swap  sw                 0 0
```

Mstari wa swap ndio unaosahaulika kuliko yote. `mkswap` hutoa UUID mpya kila inapoendeshwa, na mstari wa zamani ukibaki, systemd itaisubiri swap isiyokuwepo kwa sekunde 90 kila unapowasha. Ule ujumbe wa `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...` unataja UUID inayosubiriwa. Inakili: ndiyo inayokuonyesha mstari wenye kosa.

Mistari ya diski za ziada zilizo na data tu, zisizohitajika ili mfumo uwake, iongezee `nofail` pamoja na `x-systemd.device-timeout=10s`. Mimi huziweka kwenye kila diski ya aina hiyo. Diski ya picha ikikosekana, hiyo si sababu ya kompyuta nzima kugoma. Usiweke `nofail` kwenye mstari wa `/`.

Ukiona neno `discard` kwenye mistari ya zamani, unaweza kuliondoa. Kusafisha SSD kutashughulikiwa mwishoni kwa njia bora zaidi.

Sasa kagua kabla ya kusonga mbele:

```
findmnt --verify
```

Umefaulu ukiona: `Success, no errors or warnings detected`. Ikikuambia kitu hakifikiki, rudi ulinganishe herufi kwa herufi. Kosa la kuandika `8` mahali pa `b` ni rahisi kufanya na ni gumu kuliona kwa macho, kwa hiyo bandika UUID kutoka kwenye teminali badala ya kuiandika kwa mkono.

Watumiaji wa LUKS, fungueni pia `/etc/crypttab`. UUID inayotakiwa humo ni ya kontena lililofungwa, yaani ile inayotolewa na `cryptsetup luksUUID /dev/nvme0n1p2`, si ya ext4 iliyo ndani yake.

## Hatua ya 6: Rekebisha resume, kisha unda initramfs upya

Initramfs ni kifurushi kidogo ambacho keneli (kiini cha Linux) hukifungua kabla ya kuifikia diski yako. Ndani yake mnanakiliwa taarifa kutoka `crypttab`, pamoja na mahali pa kurudisha kazi zilizohifadhiwa kompyuta ilipolazwa usingizi mzito. Neno muhimu hapa ni *mnanakiliwa*: ukihariri mafaili ya `/etc` bila kuunda kifurushi upya, nakala ya zamani ndiyo itakayoendelea kutumika.

Tazama faili hili:

```
cat /etc/initramfs-tools/conf.d/resume
```

Likiwapo na likiwa na UUID ya swap ya zamani, weka mpya:

```
RESUME=UUID=b90e4d17-62c3-4f58-a1de-08c75e3392fa
```

Kama hutumii usingizi mzito kabisa, andika `RESUME=none`. Kisha:

```
update-initramfs -u -k all
```

`-k all` ni ya lazima kwa maoni yangu. Bila hiyo unarekebisha keneli moja tu, na siku utakapohitaji keneli ya akiba utakuta bado inaitafuta diski ya zamani.

Kwenye Fedora amri ni `dracut --regenerate-all --force`. Hapo kuna tahadhari ya ziada: Fedora huunda kifurushi chenye madereva ya maunzi yaliyopo tu, kwa hiyo mfumo uliotoka kwenye SATA unaweza kukosa dereva wa NVMe hata kama kila UUID ni sahihi. Kuendesha amri hii ukiwa kwenye kompyuta yenyewe, diski mpya ikiwa mahali pake, kunaliondoa tatizo hilo.

Umefaulu ukiona: mstari wa `Generating` kwa kila keneli, bila onyo linalotaja `crypttab` au `resume`.

## Hatua ya 7: GRUB

Anza na `/etc/default/grub`. Tafuta `resume=UUID=` au `root=` kwenye mistari inayoanza na `GRUB_CMDLINE_LINUX`. Watu huandika humo siku moja na kusahau miaka. Kama unatumia faili la swap badala ya sehemu ya swap, utakuta pia `resume_offset=`, na hiyo nayo imebadilika kwa sababu faili sasa limekaa mahali pengine kwenye diski. Ipate kwa `filefrag -v /swapfile`: ni namba ya kwanza ya safu ya `physical_offset` kwenye mstari wa `0:`.

Kisha, kwa UEFI:

```
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=ubuntu
update-grub
```

Debian iandikwe `debian`. Usibuni jina lako mwenyewe hapa. GRUB iliyotiwa saini kwa ajili ya Secure Boot imeundwa kulisoma faili lake kwenye folda yenye jina la mfumo, mfano `EFI/ubuntu`. Ukiipa jina jingine, itawaka, itakosa mipangilio, na kukuacha kwenye `grub>`.

Kwa BIOS:

```
grub-install /dev/sda
update-grub
```

Ni diski nzima, `/dev/sda`, si `/dev/sda1`. Kama diski yako ya BIOS ina jedwali la GPT, inahitaji sehemu ndogo ya aina ya BIOS boot, ya MiB 1 hivi. Bila hiyo `grub-install` itakataa.

### Inapokataa kwa `unknown filesystem`

Hili limewatesa wengi, kwa sababu ujumbe wake haufanani na chanzo chake. Tangu e2fsprogs 1.47.0 ya mwaka 2023, `mkfs.ext4` huwasha yenyewe vipengele viwili vipya: `metadata_csum_seed` na `orphan_file`. Ukiumba sehemu kwa flashi mpya halafu ukanakilia humo mfumo wa miaka ya nyuma, GRUB ya mfumo huo haikijui kipengele cha kwanza, na `e2fsck` yake haikijui cha pili. Ndiyo sababu nilisisitiza flashi ya toleo linalokaribiana.

Huhitaji kunakili upya. Toka kwenye chroot (`exit`), pachua (`sudo umount -R /mnt`), kisha ukiwa kwenye flashi:

```
sudo e2fsck -f /dev/nvme0n1p2
sudo tune2fs -O ^metadata_csum_seed,^orphan_file /dev/nvme0n1p2
```

Rudi hatua ya 4, ingia tena, rudia `grub-install`.

### Fedora

Usiendeshe `grub2-install` kwenye Fedora ya UEFI. Badala yake, badilisha UUID ya zamani kwa mpya kwenye mafaili yanayotumika:

```
sed -i 's/UUID-YA-ZAMANI/UUID-MPYA/g' /boot/loader/entries/*.conf /etc/kernel/cmdline
```

Halafu fungua `/boot/efi/EFI/fedora/grub.cfg`, uweke humo UUID ya sehemu yenye `/boot`.

## Hatua ya 8: Hakikisha hakuna UUID ya zamani iliyobaki

Hii ndiyo hatua ambayo ingeokoa muda wa wengi. Chukua UUID za zamani kutoka `/etc/fstab.zamani`, uzitafute moja moja:

```
grep -rn "UUID-YA-ZAMANI" /etc /boot 2>/dev/null
cat /boot/efi/EFI/ubuntu/grub.cfg
```

Faili la pili ni fupi mno, mistari mitatu tu, na wa kwanza huanza na `search.fs_uuid`. Ndilo linaloiambia GRUB `/boot` iko wapi. Ulinakili sehemu ya EFI kama ilivyo na hukuendesha `grub-install`? Basi mstari huu bado unaitaja diski ya zamani, na hakuna kiasi cha kuhariri `fstab` kitakachoubadilisha.

Umefaulu ukiona: `grep` haitoi chochote ila `fstab.zamani` yenyewe. Kama ulinakili kwa `dd`, UUID hazikubadilika, kwa hiyo hapa unahakikisha tu kwamba ile ya `grub.cfg` inalingana na uliyoisoma kwa `lsblk`.

## Hatua ya 9: Orodha ya kuwashia ya ubao mama (UEFI pekee)

```
efibootmgr -v
```

Kila ingizo la diski linataja PARTUUID ya sehemu ya EFI. Linganisha na uliyoisoma kwenye hatua ya 3. `grub-install` huwa imeshaongeza ingizo jipya. Kama halipo, liongeze mwenyewe:

```
efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'
```

Ingizo la zamani lifute kwa namba yake, kwa mfano `efibootmgr -b 0003 -B`. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza, hasa kama kompyuta ina Windows pia.

Baadhi ya ubao mama husahau maingizo haya. Yakipotea kila unapozima, endesha `grub-install` tena ukiongeza `--force-extra-removable`. GRUB itawekwa pia kwenye `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`, njia ambayo ubao mama hujaribu yenyewe pasipo ingizo lolote.

## Hatua ya 10: Toka, washa, pima

```
exit
sudo umount -R /mnt
```

Ikilalamika kwamba kuna kitu kinatumika, endesha `sync` kisha zima kompyuta kwa kawaida. Chomoa flashi, washa.

Kuona skrini ya kuingilia hakutoshi. Fungua teminali:

```
findmnt /
swapon --show
systemctl --failed
```

Umefaulu ukiona: `/` iko kwenye diski mpya, swap ina ukubwa unaoutarajia, na orodha ya huduma zilizoshindwa ni tupu. Zima kabisa, washa tena, upime mara ya pili. Kama unatumia usingizi mzito, lijaribu sasa ukiwa huna kazi ya thamani iliyofunguliwa.

Fedora ikiwaka lakini ikakataa kukuingiza, huenda lebo za SELinux (mfumo wa ulinzi wa Fedora) zilipotea wakati wa kunakili. Washa kwa flashi, ingia kwa chroot, andika `touch /.autorelabel`, kisha uwashe tena na uiache imalize kuweka lebo upya.

## Mabaki madogo

Kwenye SSD, hakikisha usafishaji wa kila wiki unafanya kazi: `sudo systemctl enable --now fstrim.timer`.

Kwenye Debian au Ubuntu ya BIOS, endesha `sudo dpkg-reconfigure grub-pc` uchague diski mpya. Kifurushi hicho hukumbuka diski kilipowekwa mara ya mwisho, na usipokibadilisha, sasisho lijalo la GRUB litasimama katikati likiitafuta diski isiyokuwepo.

Timeshift nayo huhifadhi UUID ya diski ya nakala rudufu. Ifungue, uchague upya mahali pa kuhifadhia. Kama ulihariri `/etc/smartd.conf` na kuandika majina kama `/dev/sda`, yabadilishe pia.

Diski ya zamani usiifute hadi utakapopitia angalau sasisho moja la keneli, kwa sababu sasisho hilo huunda initramfs na `grub.cfg` upya, na kosa lililojificha hutokea hapo. Kama unakusudia kuiwasha kwenye kompyuta nyingine pamoja na mfumo wake, mifumo yote miwili itakuwa na `machine-id` moja na funguo zilezile za SSH. Kwenye ile ya zamani, endesha hivi kabla ya kuiunganisha na mtandao:

```
sudo rm /etc/machine-id /etc/ssh/ssh_host_*
sudo systemd-machine-id-setup
sudo ssh-keygen -A
```

Kama `/var/lib/dbus/machine-id` ni faili kamili na si kiungo cha kuelekea `/etc/machine-id`, lifute nalo kabla ya amri ya pili, maana `systemd-machine-id-setup` italisoma na kurudisha utambulisho uleule.